Mama wa Jirani

Machakos
12 Februari 2001

Dada Nzisa,

Kabla hujasoma mstari wa pili, tafuta mahali ambapo hakuna mtu, hata kama ni chooni. Nakuomba, maneno haya yasivuke macho yako. Usimsomee shemeji Jeremiah, usimsomee mtu wa kanisani, na ukimaliza itie barua jikoni iungue pamoja na kuni. Mimi mwenyewe nimeirarua na kuianza upya mpaka nikaona aibu kwa karatasi.

Sasa salamu. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Mimi niko mzima. Kazini bado niko masijala, natafutia wakubwa mafaili, na bado niko kwa majaribio. Huko nyumbani Mitaboni mvua ya mwisho wa mwaka ilitupa mbaazi na kunde kidogo. Mbuzi wako salama, Mjomba Muli ndiye anayewaangalia kwa sasa.

Anawaangalia kwa sababu mama yuko hapa kwangu. Alikuja na kiondo na leso mbili, akasema anataka kutibiwa kifua. Mimi nikafikiri ni kikohozi. Mjomba Muli ndiye aliyempeleka hospitali, maana mimi niliogopa kuomba ruhusa ofisini. Jioni mjomba aliniita nje akaniambia ni titi. La kushoto. Limepasuka na limekuwa kidonda. Madaktari walisema ni kansa, imeshatembea mwilini, hakuna cha kukata. Wakampa vidonge vya maumivu na kumwambia arudi nyumbani. Mjomba aliwaachia maelekezo ya hapa kwangu, kwa sababu kuna wauguzi wanaotembelea wagonjwa kama hao majumbani. Hawajafika.

Chumba changu ni kimoja, kina pazia katikati. Mama analala upande wa ndani. Kidonda kina harufu. Nafunga dirisha ili majirani wasiisikie, kisha nafungua ili mama apumue, kisha nafunga tena. Amekonda sana, na unajua mtu akikonda siku hizi watu wanasema ni ugonjwa gani.

Jumapili moja lendilodi, mwenye nyumba Mzee Festus, alinisimamisha hapo mlangoni. Akasema, "Bwana Nzioka, huyo mgonjwa uliye naye ndani ni wa nani?"

Nikasema, "Ni mama wa jirani yetu wa nyumbani. Anangoja kitanda hospitali."

"Kwani hana watoto?"

"Wako mbali, mzee."

Akatikisa kichwa. "Watoto wa siku hizi. Mtu anakuzaa, halafu unamtupia watu wengine."

Nami, dada, nikamjibu, "Ni kweli, mzee."

Pazia ni kitambaa tu. Niliporudi ndani mama alikuwa ameketi kitandani, amejifunga leso mpaka shingoni. Nikamuuliza kama atakunywa chai. Akasema, "Asante, Bwana karani. Mungu akubariki kwa kunipa mahali."

Unajua tangu nizaliwe ananiita Nau, yaani baba, kwa vile nilipewa jina la babake. Hata akinichapa alikuwa akinichapa kama Nau. Tangu Jumapili ile mimi ni Bwana karani. Hasemi kwa hasira, anasema kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kukaa sana. Akitoka kwenda chooni na kukutana na wanawake pale kwenye bomba, anawaambia mwenye chumba ni kijana mwema, ingawa hawana undugu. Uongo nilioutamka mara moja, yeye anautunza kila siku.

Njoo, dada. Kile kidonda kinataka mtu wa kukiosha. Mimi ni mwanamume na ni mwanawe, hawezi kunifunulia kifua na mimi siwezi kumwomba. Anajiosha peke yake, akitumia kioo changu cha kunyolea.

Ni mimi mdogo wako,
Nzioka

*

Kitale
6 Machi 2001

Mdogo wangu Nzioka,

Nilisoma chooni kama ulivyoagiza. Kuku walikuja kuchungulia, nikawafukuza nao pia, maana hukusema kama kuku wanaruhusiwa.

Habari za huko? Sisi tuko, tunashukuru. Kavutha wangu aling'oka jino, sasa akisema "Nzisa" inakuwa filimbi. Jeremiah amekodisha trekta, wanalima sehemu ya chini. Mama mkwe analalamika magoti kama kawaida yake. Baridi ya huku hujawahi kuiona, asubuhi unatoa mvuke mdomoni kama sufuria.

Nimesikia habari ya mgeni wako. Pole. Lakini kuna mambo mawili. Lile neno la ugonjwa usiliandike tena. Andika kifua, nitaelewa. Na barua zingine uzitume kwa sanduku la posta la shule, nitazichukua kwa mwalimu mkuu. Sanduku la nyumbani halina uhakika siku hizi.

Kuja, siwezi sasa. Ni wakati wa kupanda, na mtu akitoka kwa shamba la wakwe wakati wa kupanda anaulizwa anakwenda wapi na kwa nini. Tutaona mwezi wa nne.

Lakini wewe nawe. Ulisoma mpaka tukauza ng'ombe, halafu unamwogopa Festus? Mzee ambaye ulisema anafunga bomba na kufuli na kutembea na ufunguo kiunoni? Unakumbuka ulipokuwa mdogo ulikuwa unajificha chini ya kitanda tukitembelewa na mwalimu. Naona bado uko huko chini.

Mwambie mama. Au acha, nitamwandikia mwenyewe siku nyingine.

Dada yako,
Nzisa

*

Machakos
21 Machi 2001

Dada Nzisa,

Asante kwa barua. Nafurahi Kavutha anakua. Hapa mvua haijaanza ila mawingu yanakusanyika upande wa Lukenya. Mjomba Muli alileta maziwa na mahindi, akakaa kidogo akaondoka. Hawezi kukaa na kunyamaza mahali ambapo dada yake anaugua.

Muuguzi amefika. Anaitwa Sista Lavender, si Mkamba, ametoka upande wa ziwa, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya mto. Alikuja kwa gari lenye maandishi ubavuni akaliegesha langoni. Nilimwomba siku nyingine aliache barabarani atembee. Aliniangalia kidogo, akasema, "Sawa," bila kuuliza.

Alimwosha mama nyuma ya pazia. Akasaga vidonge fulani akanyunyiza ule unga kwenye kidonda, na nakwambia kweli, kufikia jioni harufu ilikuwa imepungua. Nilifungua dirisha likakaa wazi. Mimi nilikuwa nimedhani harufu ni hukumu. Kumbe ina dawa.

Kisha akaja upande wangu. Akasema, "Ana maumivu makali kuliko anavyoonyesha. Vidonge alivyo navyo havitoshi. Kuna dawa ya maji, mofini, anakunywa kila baada ya saa nne, na inasaidia. Wewe ni nani wake?"

Mama akajibu kutoka ndani kabla sijafungua mdomo. "Huyo ni msamaria tu, sista. Wangu wako mbali."

Sista akasema hawezi kuiacha hivyo. Utaratibu wake ni kukaa na watu wa mgonjwa kwanza, wote wanaopatikana, awaambie ugonjwa ni gani, umefika wapi na dawa inafanya nini. "Niliwahi kuwaachia majirani wema," akasema. "Watoto wakaja baadaye, wakanusa chupa, wakasema mnamuua mama yetu, wakaimwaga. Yule mama alikufa akilia. Sirudii. Hata ndugu hatoshi. Nitafutie mtoto wake, hata mmoja."

Nilisimama pale na kikombe mkononi. Nilikuwa na nafasi ya kusema, dada. Mlango ulikuwa wazi na Mwongeli, mama wa chumba cha pili, alikuwa anaanika nguo. Nikasema, "Nitawatafuta."

Sista alipoondoka nilimwambia mama kwa Kikamba, "Mwaitu, mama yangu, kwa nini unafanya hivi?"

Akasema, "Nafanya nini, Bwana karani? Wewe utabaki hapa na hawa watu. Mimi napita."

Sista atarudi. Njoo wewe uwe huyo mtoto mmoja. Ukikaa naye mara moja tu, dawa itatolewa.

Nzioka

*

Kitale
11 Aprili 2001

Nzioka,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Tumepanda, mvua imeshika vizuri, sasa ni matope mpaka magotini. Mtoto mdogo alikuwa na homa lakini amepona. Jeremiah anakusalimu, au angekusalimu kama angejua naandika.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Sikulala vizuri. Huyo sista anataka mtoto mmoja. Wewe ni nini, mbuzi? Simama useme wewe ni mwanawe, upewe dawa. Ni maneno mawili matatu. Mama analia huko na wewe unahesabu nguo za Mwongeli kwenye kamba.

Mimi nauli ninayo. Si nauli. Kuna mambo ya huku usiyoyajua.

Mfunike vizuri. Anapenda uji wa wimbi uliochacha kidogo, si ule mtamu.

Nzisa

*

Machakos
23 Aprili 2001

Dada,

Wazima. Mvua imeanza.

Mama anauma leso. Anaikunja, anaitia kati ya meno, anageukia ukutani ili nisisikie. Leso ile ya pili, ya maua mekundu uliyomletea ulipoolewa, imetoboka pembeni. Nikimuuliza anasema ni panya.

Umeniita mbuzi na ni haki yako. Sasa nakuuliza na wewe. Umesema shamba, ukasema mtoto, halafu ukasema nauli unayo. Umenihamisha sanduku la posta. Katika barua mbili hujauliza hata mara moja mama anaendeleaje. Umemwambia nani huko kwamba mama yako ni mgonjwa? Na umewaambia anaugua nini?

Mimi nimemkana mbele ya mlango. Wewe umemkana kwa kilomita. Sioni nani kati yetu ametangulia.

Nzioka

*

Kitale
14 Mei 2001

Mdogo wangu,

Sikujibu haraka kwa sababu nilikuwa nimekasirika, halafu hasira ikaisha na nikabaki na kalamu.

Nimewaambia mama ana presha. Hiyo tu.

Mwaka jana mke wa Titus, mdogo wake Jeremiah, alikonda. Walimhamisha kwa kile chumba cha mahindi. Chakula chake kilisukumwa mlangoni kwa mti wa ufagio. Godoro lake lilichomwa kabla hajazikwa. Baadaye tulisikia ilikuwa kifua kikuu na kingepona. Hakuna aliyerudi kusema lolote juu ya ule ufagio. Usiniulize mimi nilikuwa nimesimama wapi.

Nikisema titi, wataniangalia langu. Mama mkwe ataanza kupima jinsi ninavyovaa nguo. Kisha watamwangalia Kavutha na kusema hao ni watu wa ugonjwa. Umesoma, utasema ni ujinga. Lakini wewe na elimu yako umefanya nini?

Sijauliza anaendeleaje kwa sababu ungenijibu.

Usinijibu sasa kwa ukali. Niambie tu kama amepewa ile dawa.

Nzisa

*

Machakos
4 Juni 2001

Dada yangu Nzisa,

Natumaini barua hii itawakuta nyote salama, na Jeremiah, na mama mkwe na magoti yake. Mjomba Muli amevuna maharagwe, amenitumia debe. Ofisini bado niko. Nilimwambia mkubwa wangu kwamba mama yangu ana kansa na nitahitaji kutoka mapema siku za muuguzi. Akasema niandike ombi, nikaandika, akatia sahihi. Nilikuwa nimeogopa jambo hilo tangu Januari.

Nikueleze yaliyotokea.

Sista Lavender alikuja Jumamosi moja katikati ya Mei. Aliacha gari barabarani kama nilivyomwomba, akatembea kwenye matope na mkoba wake. Wanawake walikuwa bombani. Mama hakuwa amekula, na alipoguswa alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti nyembamba, kama ya mtu mwingine. Pale nje waliacha kuchota maji. Ndipo Mzee Festus akaja mpaka mlangoni na ufunguo wake kiunoni, Mwongeli nyuma yake.

"Sista," akasema, "mimi si mtu mbaya. Lakini wapangaji wanalalamika. Huyu mama hana mtu. Mchukue umpeleke kwa masista wa kanisa huko, wanajua kuwatunza wasio na watu."

Mama akajibu kabla ya sista. "Nitaondoka, mzee. Usimlaumu huyu kijana. Si wangu, hana kosa."

Alisema akiwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili. Alikuwa na maumivu ya kutosha kumfanya mtu aseme chochote, na alichochagua kusema ni hicho. Dada, nimetafuta neno la kukueleza nilivyojisikia na silipati. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi ya pale ni sementi ya Festus.

Nikasema, "Ni mimi."

Festus akasema, "Wewe ndiye nini?"

"Mimi ndiye yule mtoto aliye mbali."

Mama aligeuza uso ukutani. Mzee Festus akasema, "Na ulisimama hapa tukawasema watoto wa siku hizi."

"Wewe ulisema, mzee. Mimi nilikubali."

"Mwezi ukiisha utafute kwingine." Akaenda hatua chache akarudi. "Ugonjwa ningeweza kuvumilia," akasema. Sijui kama ni kweli, na sina haki ya kumuuliza.

Nilingoja sista anikaripie. Alivuta kigoda kwa mguu akasema, "Keti basi. Nimekungoja tangu Machi." Na alipoanza kueleza hakupunguza sauti. Alisema kansa. Alisema titi. Alisema haimrukii mtu anayeosha wala anayekula sahani moja na mgonjwa. Mwongeli alikuwa bado mlangoni, akauliza, "Hata nguo zake nikifua?" Sista akasema, "Hata ukizivaa." Mwongeli akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka. Jioni alileta uji. Wa wimbi, uliochacha. Aliniambia, "Nilikuwa nimefikiria kitu kingine." Nikamwambia najua. Nami nilikuwa nimefikiria kwamba anafikiria, na kwa hofu hiyo nilimwacha mama aume leso miezi yote ile.

Maana dawa ilikuwa kwenye mkoba, dada. Tangu siku ya kwanza. Ilikuja ikarudi, ikaja ikarudi, ikingoja maneno mawili matatu, kama ulivyosema.

Sista ameniambia pia ukweli ambao wote wa familia wanapaswa kuusikia, na wewe ni wa familia. Mama hatapona. Dawa si ya kumponya wala si ya kumuua, ni ya kumwondolea maumivu ili aishi siku zake. Inafunga tumbo, kwa hiyo kuna nyingine ya kulainisha choo. Inampa usingizi siku za kwanza, halafu anazoea. Usiku wa kwanza alilala, na mimi nikakaa nikimsikiliza akipumua. Alipoamka aliomba muthokoi wa mahindi na maharagwe. Nikampikia. Aliuonja, akasema, "Aliyekufundisha kupika alikuwa na haraka." Ni yeye aliyenifundisha. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza anitanie tangu Februari.

Namwita Mwaitu, kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Anaitika. Lakini mimi bado ni Bwana karani. Nau hajasema, na sijamwomba. Pengine kwake lilikuwa jina la mtu ambaye hangeweza kumfanyia hivi.

Kidonda bado hataki nikione. Sista huja mara mbili kwa wiki, siku nyingine Mwongeli naye huja kusaidia, lakini mama humwomba msamaha kila akifunguliwa, na huwezi kumwosha mtu anayekuomba msamaha. Juzi alisema, "Nzisa mikono yake ni baridi. Ingefaa hapa." Ndiyo mara ya kwanza akutaje. Sikumwambia lolote kuhusu barua zako. Nilimwambia tu kwamba Kitale ni baridi, ndiyo sababu.

Barua hii nimeituma shuleni kama ulivyotaka, sitakupeleka mahali usipotaka kwenda. Lakini siombi uichome. Kuibeba mpaka nyumbani na kuiweka mezani mbele ya Jeremiah ni kazi yako, na naujua ugumu wake, nimeifanya. Ukishindwa sitakuita mbuzi. Siku za mama, sista hakuniambia ni ngapi. Alisema tu nisingoje mavuno.

Tumehama kwa Mzee Festus. Ukishuka stendi ya Machakos, shika barabara ya kwenda Kathiani. Utapita soko, utapita kinu cha unga, kisha utaona duka lenye milango ya buluu ambapo mzee Nzioka mwingine, si mimi, anatengeneza redio. Hapo geuka kulia kwenye mikalitusi. Usiulize karani wa masijala, hakuna anayemjua. Uliza kwa Kamanthe, mamake Nzioka, yule mwenye kansa ya titi. Niliwaambia siku tuliyoingia, kabla hatujashusha godoro. Yeyote utakayemuuliza atakuonyesha. Mlango huwa wazi mchana kutwa, na gari la sista huegeshwa hapo hapo mbele.

Usipige hodi. Ingia tu, ni kwa mama yako.

Nzioka